Chanjo Iliyovuka Kijito

Chanjo ya kipindupindu haina sindano, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia.

Sindano, wanangu, ni askari mzuri. Ukimchoma mtu anaondoka akijisugua bega, na humwoni tena mpaka umfuate nyumbani kwake. Hii ya kipindupindu inanywewa. Inakuja kwenye kichupa cha plastiki kisichozidi kidole; unakitikisa, unakata ncha, unammiminia mtu mdomoni, basi. Ladha yake ni ya kukunja uso, lakini watu wetu wa West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, wameshakunywa vitu vibaya kuliko hivyo, tena kwa pesa zao wenyewe. Kwa hiyo walikuja, wakanywa, wakazunguka nyuma ya nyumba na kupanga mstari upya.

Tulikuwa tunawapaka wino kwenye ukucha ili tuwatambue. Fundi pikipiki mmoja akarudi na ukucha mweupe kuliko wangu, mwili mzima unanuka petroli.

"Wewe," nikamwambia, "leo usikaribie jiko."

"Sista, mimi nimekunywa yangu," akasema bila haya. "Sasa hii ni ya mke yangu. Yeye iko shamba."

"Na ukishainywa wewe, yeye itamfikiaje?"

Akanionyesha mashavu. Alikuwa amepanga kuibeba mdomoni mpaka shambani, kwa pikipiki, kwenye barabara ile yenye mashimo. Nikamuuliza akikutana na mtu njiani akamsalimu, ataitikaje. Akafikiri kidogo, akasema atapiga honi.

Basi shikeni hili la kwanza: mtu akishakunywa, mwambie ataje jina la mama yake. Mdomo uliojaa hauwezi kutaja jina. Wale waliokuwa wakibeba chanjo mashavuni hawakuwa wahuni. Wengi walikuwa wazazi wenye mgonjwa nyumbani, au mke shambani kama yule fundi. Walijua chanjo ni chache, na hilo halikuwa uvumi.

Mimi naitwa Candiru. Nimestaafu unesi, na miaka yangu mingi ya mwisho nilikuwa mtu wa chanjo, naondoka Arua na masanduku ya barafu, naenda Koboko na kurudi, hata madereva wakawa wananiita Mama Barafu. Aliyenifundisha kazi hakuwa nesi. Alikuwa Bwana Afya, yule mkaguzi wa vyoo na visima, mzee mrefu anayeitwa Adriko. Nilipokuwa mgeni kazini alinipeleka Adumi, akanizungusha vijiji kutwa nzima bila kuniruhusu kumpima mtu hata mmoja. Kila tulipofika aliuliza choo kiko wapi, kisha akauliza maji yanatoka wapi, kisha akatembea kutoka kimoja hadi kingine akiwa amekunja mikono nyuma. Viatu vyangu vipya viliharibika siku ile. Jioni nikamuuliza tumejifunza nini.

"Andika neno kunya," akasema. "Sasa andika kunywa. Tofauti ni herufi ngapi?"

"Moja, Bwana Afya."

"Basi kipindupindu ni hiyo herufi ikianguka. Kazi yako ni kuhakikisha haianguki. Mengine yote ni kofia nyeupe."

Nilicheka njia nzima. Sikujua kwamba miaka mingi baadaye mzee huyo wa maneno machafu angekuwa ndiye mwenye busara kwenye kikao cha kugawa chanjo.

Ugonjwa uliingia Koboko kwa upande wa mpaka wa Kongo. Wa kwanza kufa nikiwapo alikuwa kijana mbeba mizigo wa sokoni. Asubuhi alibeba magunia ya muhogo. Jioni alikuwa hawezi kubeba kope zake. Dripu ilimkuta mishipa imeshanywea, tukaitafuta mkononi, tukaitafuta mguuni. Mama yake alisimama mlangoni na bakuli la uji, anatuuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaweza kumpa. Tukawa tunamwambia subiri kidogo, mama. Tulimwambia hivyo hata baada ya kuwa hakuna tena cha kusubiri, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia jingine.

Baada yake wakaja wengine. Ndipo tukaletewa chanjo, na ilipofika kila mtu akaona kwa macho yake kwamba haitoshi. Dunia nzima ilikuwa inaitafuta, na sisi tulipata kile kilichopatikana.

Kikao kilifanyika Arua, na mtu aliyewaambia kwamba kazi ya kugawa ni ngumu kwa sababu ya watu wabaya amewadanganya. Ingekuwa hivyo ningestaafu nikiwa kijana. Kila aliyekuja kikaoni alikuwa na sababu nzuri. Mchungaji alisema ana mkutano wa injili, watu watakula pamoja. Kweli. Mwalimu mkuu alisema shule moja inaweza kuambukiza kata nzima. Kweli. Mwakilishi wa soko la Inde alisema Inde iko barabarani, kila lori linasimama pale na kila dereva anakula pale. Kweli tupu. Akasimama mama mmoja mkimbizi wa Sudan Kusini, akasema watu wake wamekimbia risasi, itakuwa aibu wakifa kwa kuhara.

Mwishowe mtu akatoa lile wazo ambalo hutolewa siku zote kikao kikichoka: kila mahali papate kidogo, ili asilalamike mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami niliitikia, maana nilikuwa na njaa.

Bwana Afya Adriko alikuwa ameshastaafu, lakini daktari wetu kijana, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alimwita makusudi. Mzee akainuka polepole.

"Ukiwa na fito chache," akasema, "ukachomeka mmoja Koboko, mmoja Inde, mmoja Pajulu, una ua?"

Watu wakasema hapana.

"Mbuzi atafanya nini?"

"Atapita," mchungaji akasema.

"Hatapunguza hata mwendo. Lakini fito hizo hizo ukizibananisha pale anapoingilia, atapiga kichwa na kurudi. Na aliye nyuma ya ua, hata kama hana fito, shamba lake limepona."

Daktari akaongeza kwa lugha ya kwake kwamba ndivyo chanjo hii inavyofanya kazi: wengi wa mahali pamoja wakiinywa, hata wale wachache ambao hawakuinywa hupata kivuli. Halafu akaleta jambo zito zaidi. Mtu anatakiwa anywe mara mbili, wiki zikipita katikati, ndipo kinga ikae muda mrefu. Tukifuata hivyo, nusu ya watu watapata kinga ya muda mrefu na nusu hawatapata kitu. Tukiwapa mara moja tu, kinga itakuwa ya muda mfupi, lakini watu mara mbili zaidi watakuwa nayo sasa hivi, wakati moto unawaka.

Tulibishana hapo mpaka chai ikapoa. Tukaamua mara moja kwa kila mtu, kwenye vijiji vya mpakani kwanza. Masanduku yatakayobaki yatakwenda Pajulu na mitaa ya pembeni ya Arua. Bwana Afya akaaga kwa kumuuliza mchungaji vyoo vya mkutano wake viko umbali gani kutoka kwenye sufuria.

Kijiji tulichoanza nacho sitakitaja, wasije wakanitumia wajumbe. Kimepakana na kijito, na ng'ambo ya kijito ni Kongo. Mkisikia neno mpaka msifikirie ukuta. Mpaka wenyewe unavukwa na watoto wakikunja suruali. Wanawake wa ng'ambo wanakuja kuuza samaki wakavu na mawese, wa kwetu wanakwenda kununua vitenge, na wote wanachota maji kwenye kijito kile kile.

Asubuhi ile mambo yalianza vizuri kupita kiasi. Mstari ulinyooka, watu walikunywa, walikunja uso, walitaja mama zao, wakaenda zao wakitabasamu. Nikaanza kujisifu moyoni. Kisha nikajiuliza hawa wanatabasamu nini, na dawa ni chungu vile? Nikafuata mstari mpaka mwisho. Pale kivulini nikamkuta kiongozi wa kwaya ya kijiji, mama mwenye moyo mwema kabisa, ameweka beseni na kikombe. Kila aliyetoka kwangu akiwa amekunja uso, yeye alimpa maji ya kusukumia.

"Maji haya umeyatoa wapi, mama?"

"Hapa tu, Sista," akasema, akaonyesha kijito.

Nilikaa chini. Huku tunawapa kinga, pale tunawapa ugonjwa, kwa kikombe kimoja, kwa upendo. Tukamwaga beseni, tukaleta maji yenye dawa, na yule mama nikamwachia kazi yake ile ile, maana alikuwa na mkono mzuri. Nanyi kila mkiweka kituo, tembeeni mpaka mwisho wa mstari. Mambo mengi hutokea pale ambapo nesi haangalii.

Nikarudi, nikakuta mstari umesimama. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Taban, alikuwa ameleta kiti chake na kukiweka mbele ya mlango.

"Sista, hii dawa ya Uganda," akaniambia. "Watu ya Kongo iko na serikali yao. Mimi nachuja."

"Utawachujaje, Mwenyekiti? Hata vitambulisho wengi wetu hatuna."

"Mdomo ndiyo kitambulisho."

Alikuwa amebuni mtihani. Kila mtu akifika mbele, Mwenyekiti alimnyooshea kidole mpita njia na kuuliza, huyu ni nani? Akijibu "mtu", anapita. Akijibu "mutu", yeye ni wa ng'ambo, arudi kwao. Sitamcheka sana. Alikuwa na watu wake wa kuwalinda, alikuwa amezika wawili wiki ile, na masanduku aliyaona yalivyo machache. Lakini mtihani ni mtihani, na jibu lilivuja mara moja. Nilipotazama mstarini niliona midomo yote inachezacheza. Kongo nzima inafanya mazoezi: mtu, mtu, mtu. Mama mmoja aliyafanya vizuri hata alipofika mbele akasema "Huyu ni mtu, na mimi ni mtu, na mutoto yangu pia ni mtu." Akafukuzwa kwa ajili ya mtoto. Na mzee wa kwetu hasa, ambaye ujanani mwake alifanya biashara Aru, mji wa Kongo, akasema "mutu" bila kufikiri, akaondolewa kutoka nchini kwake akiwa ameshika fimbo ya baba yake.

Ndipo akafika bibi mmoja mfupi na beseni la samaki kichwani. Mwenyekiti alipomwona akasimama kutoka kwenye kiti, akavua kofia, akatazama chini. Mnajua adabu ya kwetu: mama mkwe humtazami usoni, sembuse kumpa mtihani. Hakuwa na mpita njia wa kumnyooshea. Katika kutapatapa akajikuta amejiwekea kidole kifuani mwake mwenyewe.

"Huyu... huyu ni nani?" akauliza, anaiambia ardhi.

Bibi akateremsha beseni bila haraka.

"Huyu mutu ndiye alioa mutoto wangu," akasema. "Akija kwangu anakunywa maji ya mutungi wangu, na anaomba kikombe cha pili. Sasa hapa anakatala miye nikunywe kitu."

Mstari mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti naye, masikini, alijitahidi kuzuia, mabega yakamsaliti. Akachukua kiti chake, akakipeleka kivulini, akamkalisha mama mkwe. Mtihani ukaishia hapo.

Nilicheka na wenzangu, lakini maneno ya yule bibi yalikuwa yameniingia. Mwenyekiti anakunywa maji ya ng'ambo. Mtungi wa ng'ambo unajazwa kwenye kijito. Na sisi tulikuwa tumebananisha fito zetu upande mmoja tu. Nikahesabu masanduku, nikatazama ng'ambo, ambako watu walikuwa wamekaa ukingoni wakitutazama sisi. Ili kuwapa wote nilihitaji yale yaliyotengwa kwa Pajulu na Arua.

Nikampigia daktari simu. Nilitumaini atasema ndiyo au hapana, nami nitii, kwa sababu kutii ni kuzuri, kunamwacha mtu alale. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi niko ofisini, Sista. Wewe uko hapo. Unaona nini?"

"Naona watoto wanavuka, Daktari. Magoti yao yamelowa maji ya pande zote mbili."

"Na ukiwapa wa ng'ambo, nani atakosa?"

"Pajulu. Na watu wa mjini."

Nilijua anasubiri niseme neno, na nilijua nikilisema litakuwa langu. Nikasema, "Tuwape ng'ambo." Akajibu kwamba atalitia sahihi, na kwamba wakuu wa afya wa upande ule atawaarifu yeye mwenyewe.

Alipofunga simu nilibaki nimeishika sikioni. Kisha tukakunja sketi na suruali, tukabeba masanduku kichwani, tukavuka. Mwenyekiti Taban alitangulia, anapima kina kwa fimbo, na yule fundi pikipiki akatubebea sabuni. Siku mbili tulimimina, mpaka kichupa cha mwisho kikaisha na mstari bado upo. Waliobaki tuliwapa sabuni na dawa ya maji. Mwenyekiti akawahutubia juu ya kuchemsha maji, kwa Kiswahili cha ng'ambo, na mama mkwe wake akimsahihisha.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa kazi hii. Dada yangu mkubwa, Letaru, anakaa Pajulu na anauza mandazi. Alikuwa ameshasikia redioni kwamba chanjo inakuja kwao, akawaambia wateja wake wote kwamba anayeileta ni mdogo wake. Masanduku hayakuja. Akanipigia.

"Nasikia umewapa Wakongo."

"Ni kweli, Dada."

"Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno." Akakata simu.

Wiki zilizofuata sikuwa mtu wa kawaida. Simu ikilia na jina la mtu wa Pajulu, niliiacha ilie mara kadhaa kwanza, nikijiandaa. Kama ugonjwa ungeingia kule, nani angeniambia ni bahati mbaya? Mjini walipatikana wagonjwa wachache, wakawahiwa, wakapona. Pajulu hakukutokea kitu. Vijiji vile vya kijito vilitulia, kliniki ikapunguza vitanda. Msije mkaniuliza kama ni chanjo, au ni sabuni, au ni mvua iliyokatika. Daktari ana majibu yake. Mimi najua tu kwamba hakuna mtu aliyenipigia simu kunishukuru kwa sababu hakuugua. Kazi yetu ikifanikiwa haionekani. Zoeeni mapema.

Ndipo nikapanda boda, nikaenda Pajulu na sukari na uso wa kuomba. Nikamkuta Dada amekaa jikoni mbele ya sufuria kubwa inayotokota. Hakuniitikia hodi. Alichota kikombe, akanipa. Nikadhani ni chai. Ilikuwa maji matupu, ya moto wa kuunguza ulimi.

"Si mlisema redioni tuchemshe?" akasema. "Basi nachemsha. Kuni zinaisha, watoto wananuna, wateja wananicheka, nami nachemsha. Kila siku nachemsha nikikutukana."

"Unanitukana nini, Dada?"

"Inategemea na moto."

Nikataka kucheka, nikaona yeye hacheki. Alikuwa anasogeza kuni, hajaniangalia bado.

"Nataka kitu kimoja tu," akasema. "Ulipotoa lile neno kwenye simu, ulinikumbuka?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nilikuwa na fito, na mbuzi, na kivuli cha daktari. Yote nikayaacha.

"Nilikukumbuka," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu nikalitoa."

Sufuria ilitokota katikati yetu. Kisha akachukua kikombe changu, akaona kimebaki nusu, akakijaza tena mpaka ukingoni na kunirudishia.

"Haya, kunywa," akasema. "Na usipulize."